Mwenyekiti Hana Fimbo: Jinsi Vyama vya Wabaski Ughaibuni Vinavyoongozwa

Tarehe 13 Machi 1877, Wabaski, watu ambao asili yao ni mpakani mwa Hispania na Ufaransa, waliokuwa wakiishi Buenos Aires walianzisha chama wakakiita Laurak Bat. Mwaka mmoja kabla, mara tu baada ya vita vya tatu vya Wakarlisti, wafuasi wa ukoo uliodai kiti cha ufalme wa Hispania, kumalizika, serikali ya Hispania ilikuwa imefuta sheria za kale zilizowapa Wabaski haki ya kujiamulia mambo yao ya ushuru na ya utumishi wa jeshini. Wahamiaji wale walitaka kilio chao kisikike hata kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Chama hicho kipo mpaka leo. Kimepita tawala za kijeshi za Argentina na mifumuko ya bei iliyowafilisi matajiri, na wanachama wake wengi wa sasa ni wajukuu na vitukuu vya watu walioshuka melini. Muda wote huo kimeendeshwa na kamati zinazochaguliwa na wanachama, watu wenye shughuli zao nyingine za kuwapatia riziki.

Habari za utamaduni uliohifadhiwa ugenini zimeandikwa sana, na picha za ngoma na mavazi meupe na mekundu zimejaa kila mahali. Mimi swali langu ni la kazi. Nani anafungua ukumbi Ijumaa jioni? Nani anajaza fomu za kodi? Nani anamwendea mzee aliyejitolea miaka ishirini na kumwambia sasa apishe? Ukifuatilia maswali hayo unagundua kwamba katika vyama hivi cheo hakimpi mtu mamlaka. Mamlaka hutokana na kazi, na cheo hufuata nyuma, wakati mwingine kwa kuchelewa sana. Nguvu ya vyama hivi inatoka hapo, na sehemu kubwa ya matatizo yao pia.

Kwanza, ni nani hawa. Nchi ya Wabaski ni mikoa saba iliyokaa pande mbili za milima ya Pyrenees: minne iko Hispania na mitatu Ufaransa. Lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani. Kwa karne kadhaa mila yao ilikuwa shamba na nyumba virithiwe na mtoto mmoja, wengine wakatafute maisha, na wengi waliyatafuta Amerika: Argentina, Uruguay, Chile, Cuba, Meksiko, kisha magharibi ya Marekani, ambako vijana wasiojua neno la Kiingereza waliajiriwa kuchunga kondoo milimani. Leo kuna vyama vya Wabaski zaidi ya 190 katika nchi zaidi ya 20. Kwa Kibaski huitwa euskal etxeak, yaani nyumba za Wabaski, ingawa vingine havina nyumba yoyote na hukutana kwenye ukumbi wa kukodi au sebuleni kwa katibu.

Vingi vya mwanzo havikuanza kwa ajili ya ngoma. Vilianza kwa ajili ya wagonjwa na maiti. Havana walianzisha chama cha hisani cha Wabaski na Wanavarra, yaani watu wa Navarra, mmoja wa mikoa hiyo saba, mwaka 1877, na kaburi lake la pamoja liko katika makaburi makuu ya Colón. Boise, jimboni Idaho, waliunda chama cha kusaidiana mwaka 1908. New York walifuata mwaka 1913, na jina rasmi la chama chao lilitaja hisani kwanza, burudani baadaye. Msomaji aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana hahitaji kuelezwa zaidi: mchango kila mwezi, daftari, mweka hazina anayeaminika kupita kiasi, na ugomvi siku anapokosekana.

Lakini katika magharibi ya Marekani kulikuwa na kiongozi mwingine aliyekuja kabla ya mwenyekiti, naye ni mwenye hoteli. Miji ya reli kama Boise, Elko, Reno na Bakersfield ilikuwa na nyumba za kulala wageni za Kibaski. Noriega ya Bakersfield ilifunguliwa mwaka 1893. Mchungaji wa kondoo alifikia hapo akishuka kwenye treni, alikaa hapo msimu wa baridi asipokuwa na kazi, barua zake zilifikia hapo, na mara nyingi mchumba alimpata hapo, miongoni mwa wasichana waliokuja kuhudumu. Mwenye hoteli na mkewe walimtafsiria kwa daktari, walimtunzia akiba, walimtafutia mwajiri. Huo ulikuwa uongozi wa jamii kwa maana kamili, ila haukuwa wa kujitolea. Ulikuwa biashara. Msaada ulilipiwa kupitia bei ya chumba, chakula na kinywaji, na aliyekuwa mkarimu alipata wateja.

Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kazi ya kuchunga ilipopungua na watoto wa wachungaji walipoenda chuo na kuhamia vitongojini, hoteli zilifungwa moja baada ya nyingine. Noriega yenyewe ilifunga milango mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Vyama ndivyo vilivyorithi majukumu yake: mahali pa kukutana, chakula cha pamoja, mahali pa mgeni kuuliza habari. Majukumu yalirithiwa, lakini sanduku la fedha halikurithiwa. Kile ambacho familia moja ilifanya kwa faida, sasa kamati nzima ilipaswa kukifanya bure, baada ya saa za kazi. Wanaolalamika kwamba vijana wa leo hawajitolei kama wazee wa zamani husahau kuwa baadhi ya wazee hao walikuwa kazini.

Sasa tuingie ndani ya chama chenyewe. Kwenye karatasi, mpangilio haumshangazi mtu: mkutano mkuu, kamati tendaji, mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina. Argentina sheria inadai pia wakaguzi wa hesabu, na daftari za chama hukaguliwa na msajili wa serikali. Marekani hesabu hupelekwa kwa mamlaka ya kodi, na sheria inatenganisha chama cha hisani au elimu, ambacho mchango wa mtu unaweza kumpunguzia kodi, na klabu ya kijamii, ambayo mchango wake haumpunguzii kitu. Chama kimoja kinaweza kujikuta kina sura zote mbili, ngoma za watoto upande huu na baa upande ule, na mweka hazina asiye mhasibu akabaki ameshika kichwa.

Karatasi hizo hazikuambii nani anatawala. Nenda kwenye tamasha la kiangazi ukaone. Vyama vingi vya Marekani hutegemea siku mbili au tatu kwa mwaka kupata fedha za mwaka mzima. Elko wamefanya tamasha lao la kitaifa tangu 1964, karibu na sikukuu ya tarehe 4 Julai. Siku hiyo kuna misa ya asubuhi, ngoma, mashindano ya kupasua magogo na kubeba vyuma vizito, kondoo wa kuchoma kwa mamia ya watu, karata, na dansi mpaka usiku. Nyuma yake kuna mtu aliyeagiza nyama miezi kabla, mtu anayejua jiko lipi la gesi lina hitilafu, mtu aliyepata kibali cha kuuza pombe na kulipia bima, mtu mwenye lori. Mkuu wa jikoni akisema chakula ni saa saba, mwenyekiti hana njia ya kukifanya kiwe saa sita. Hawezi kumfukuza kwa sababu hakumwajiri. Hawezi kumkata mshahara kwa sababu hakuna mshahara. Akimkaripia mbele ya watu, mwakani atakosa mpishi, na huenda akawakosa na wanawe na wakwe zake waliokuwa wakihudumu mezani.

Ndiyo maana katika uchaguzi wa vyama hivi kampeni hazina nafasi kubwa. Anayeombwa kugombea kwa kawaida ni mtu ambaye tayari ameosha sufuria miaka kumi. Kwao kuna desturi ya kale iitwayo auzolan, kazi ya pamoja ya kijiji, ambapo kila kaya hutoa mtu kutengeneza barabara au kusafisha mfereji, na hapo fahari ya nyumba huonekana kwa mkono uliokuja kufanya kazi. Wabaski wa Idaho au wa mbuga za Pampas huko Argentina hutaja desturi hiyo mara kwa mara katika hotuba. Sidhani kama hotuba ndiyo inayoiendeleza. Inaendelezwa na macho ya watu wanaohesabu kimyakimya nani alibaki kukunja viti.

Mfumo huu una ubaya wake, na ni ubaya mkubwa. Heshima inayopatikana kwa kazi humfanya mtu ashindwe kuiachia kazi. Mwanzilishi hushika funguo, nywila ya benki na orodha ya wanachama, si kwa wizi bali kwa mazoea, na kila anayetaka kumsaidia anaambiwa "nitafanya mwenyewe, ni haraka zaidi." Akiugua, chama kinagundua hakijui hata kampuni ya bima yake. Upande wa pili ni uchovu: watu walewale kumi katika kila kamati, mpaka mmoja anajitoa na wengine wanamfuata. Na ipo hesabu ya zamani isiyosemwa sana: kwa miongo mingi kazi ya jikoni, mavazi na mafunzo ya watoto ilifanywa zaidi na wanawake, ilhali viti vya kamati vilikaliwa na wanaume. Kama kazi kweli ndiyo inayozaa mamlaka, basi kwa wanawake mamlaka hiyo ilikuwa ikicheleweshwa kizazi kizima. Hilo limebadilika kwa kiasi kikubwa, na leo wanawake wanaongoza vyama na mashirikisho, lakini isidhaniwe kwamba mfumo wa "anayefanya ndiye anayeamua" ni wa haki kwa asili yake.

Juu ya vyama kuna mashirikisho, na hapa uongozi wa kujitolea unaonesha werevu wake. Argentina kuna shirikisho la vyama vya Kibaski lililoanzishwa mwaka 1955, linalojulikana kwa kifupi kama FEVA. Marekani kuna NABO, shirikisho la vyama vya Wabaski wa Amerika Kaskazini, lililoundwa mwaka 1973. Ili kuelewa kwa nini NABO ilizaliwa dhaifu kwa makusudi, sharti ujue kwamba Wabaski wa Marekani hawakuwa jamii moja. Wale wa Idaho na kaskazini mwa Nevada walitoka zaidi Bizkaia, upande wa Hispania. Wale wa California walitoka zaidi Navarra na mikoa ya upande wa Ufaransa. Lahaja zao zilitofautiana, ngoma zao zilitofautiana, hata chama cha siasa walichokikumbuka au kukichukia hakikuwa kimoja. Wengi hawakuwa wakijuana. Buenos Aires walionesha mapema jambo hilohilo linaweza kufika wapi: mwaka 1895 peke yake vilianzishwa huko kituo cha Wabaski wa Ufaransa na kituo cha Wanavarra, kila kimoja na mlango wake, wakati Laurak Bat ilikuwa tayari ipo.

Kwa hiyo NABO ilijengwa kama mtumishi wa vyama, bila mamlaka ya kuingilia uhuru wa chama chochote. Haiwezi kuamuru. Inachoweza ni kufanya yale ambayo chama kimoja hakiwezi peke yake: mashindano ya mus, mchezo wa karata unaochezwa wawili wawili huku wenzi wakipeana ishara za uso zilizoruhusiwa, kambi ya watoto ya kiangazi iitwayo Udaleku, kalenda ya pamoja ili tamasha la mji mmoja lisiue la jirani. Karata zimewaunganisha watu wa pande mbili za Pyrenees kwa namna ambayo azimio lolote lisingeweza. Na siasa za kule nyumbani, zilizokuwa kali sana miaka ya Franco, dikteta wa Hispania, na baada yake, ziliachwa nje ya mlango wa shirikisho. Wapo waliouita uamuzi huo woga. Mimi nauona kama gharama iliyolipwa ili watu waendelee kukaa meza moja, na katika chama ambacho hakuna anayelazimika kuja, gharama hiyo ina mantiki yake.

Chombo chao kingine ni zamu. Wiki ya Kitaifa ya Wabaski wa Argentina huandaliwa na mji tofauti kila mwaka. Mkutano mkuu wa NABO na kambi ya Udaleku navyo huhama kutoka chama hadi chama. Kwa mtazamo wa ufanisi ni upuuzi: kila mwaka watu wapya wanajifunza upya kukodi mahema na kupanga malazi. Lakini chama kidogo kilichokuwa kimelala hulazimika kuamka, kugawa kazi, kuwapa vijana jukumu ambalo wazee peke yao hawaliwezi, na kuomba msaada kwa majirani. Mwaka wa uenyeji ukiisha, kinabaki na watu kadhaa ambao sasa wanajua kuendesha jambo kubwa. Semina haiwezi kufundisha hivyo.

Halafu kuna serikali. Mwaka 1994 Jimbo la Kujitawala la Wabaski, lenye makao yake Vitoria-Gasteiz, lilipitisha sheria ya uhusiano na jamii za Wabaski walio nje. Sheria hiyo iliweka daftari la vyama vinavyotambuliwa, baraza la ushauri, ruzuku, na kongamano la dunia la kila miaka minne, la kwanza likafanyika mwaka 1995. Mwaka 1996 ukaja mpango wa Gaztemundu wa kuwapeleka vijana wa vyama kule asili yao, na kwa miaka mingi safari hizo zimewalenga wale watakaorudi na kitu cha kufundisha au kuongoza. Fedha za kufundishia lugha hupitia mpango mwingine, ambao sasa uko chini ya Taasisi ya Etxepare, chombo cha serikali hiyo cha kueneza lugha na utamaduni wa Kibaski.

Ruzuku hizo zimeokoa vyama vingi, hasa Amerika Kusini nyakati sarafu ilipoporomoka. Zimeleta pia bwana wa tatu. Kiongozi wa kujitolea tayari alikuwa na wanachama wanaotaka chakula kizuri na karata, na sheria za nchi anamoishi zinazotaka hesabu. Sasa kuna ofisi ng'ambo inayotaka maombi ya mradi, bajeti, stakabadhi na ripoti, kwa muda uliopangwa na kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kizazi cha tatu huko Nevada huenda haijui vizuri. Matokeo yake ni kwamba sifa za kiongozi zinabadilika. Mpishi hodari anaanza kuonekana hafai, na anayejua kujaza fomu anapanda. Isitoshe, serikali hiyo inatawala mikoa mitatu tu kati ya saba. Mwanachama ambaye babu yake alitoka Baigorri, upande wa Ufaransa, au bonde la Baztan huko Navarra, anapokea mkono wa serikali ambayo si ya kijiji cha babu yake. Wengi hawajali. Wachache wanajali sana, na mwenyekiti ndiye anayepigiwa simu.

Suala gumu kuliko yote ni kurithishana. Ukiangalia Boise unaona jibu moja. Mwaka 1960 vijana wa huko waliokuwa wametembelea nchi ya wazazi wao, wakacheza na kikundi cha mji wa Donostia, walirudi wakaanzisha kikundi chao kwa jina lilelile, Oinkari. Miaka miwili baadaye walikuwa jukwaani katika maonesho ya dunia ya Seattle, na mwaka 1964 New York. Jimmy Jausoro, aliyewapigia kodiani, alipewa tuzo ya taifa ya sanaa za urithi mwaka 1985. Mtoto huingia kikundini mdogo, akikua anafundisha wadogo, kisha anapanga safari, anatunza mavazi, anazoea kuhesabu fedha za tiketi. Akifika miaka thelathini ameshakuwa kiongozi, ingawa hajagombea chochote. Chama kisicho na kikundi cha ngoma hukosa ngazi hiyo, na kawaida ndicho kinachozeeka haraka.

Argentina walijenga ngazi nyingine kwa lugha. Tangu 1990, mpango wa Argentinan Euskaraz umewafunza watu wa kawaida Kibaski ili nao wakafundishe katika vyama vya miji yao. Wengi hawakuwa wamerithi lugha hiyo nyumbani. Mwalimu wa aina hii, aliyejifunza ukubwani kwa hiari, huwa na ari ambayo mara nyingi aliyezaliwa nayo hana, na kutoka darasani hadi kamati ni hatua fupi.

Ngazi zote hizi zinaweza kukatika. Tamasha kubwa la Jaialdi la Boise lilianza mwaka 1987, na baada ya lile la 1990 likawa kila miaka mitano. La 2020 liliahirishwa kwa sababu ya korona, na halikufanyika tena hadi 2025. Miaka kumi bila Jaialdi maana yake ni kwamba aliyekuwa na miaka kumi na tano mwaka 2015 alifika 2025 akiwa na ishirini na tano, na hakuwa amewahi kufanya kazi ya tamasha hilo akiwa mtu mzima. Walioongoza mwaka 2015 walikuwa wamezeeka kwa muongo mmoja. Maarifa ya mambo haya hayako kwenye faili. Nani wa kumpigia simu, mstari wa chakula uanzie wapi, mji unataka nini kabla ya kufunga barabara. Yanakaa vichwani, na vichwa vina umri.

Je, suluhisho ni kuajiri? Boise wana mfano mzuri wa kuutazama, kwa sababu katika mtaa mmoja utaona mambo yote mawili. Makumbusho ya Wabaski, yaliyoanzishwa mwaka 1985 na kuhusisha nyumba ya matofali ya mwaka 1864 iliyokuwa ya kulala wageni, yana wafanyakazi wa kulipwa. Ukumbi wa chama uko hatua chache kutoka hapo, na ngoma zinaendelea kwa kujitolea. Mgawanyo huo unaniridhisha kuliko hoja za wanaotaka kila kitu kilipiwe na za wanaotaka kila kitu kiwe cha kujitolea. Nyaraka za kale zinahitaji mtu wa kuzitunza kila siku, kodi ina tarehe yake, shule ya awali ya Kibaski iliyoanza huko mwaka 1998 haiwezi kungoja mwalimu apate nafasi. Kazi za namna hiyo zikiachiwa hiari, zinamla mtu mmoja mpaka amalizike. Lakini ukianza kumlipa anayegeuza nyama siku ya tamasha, aliye karibu naye atauliza kwa nini yeye halipwi, na kuanzia hapo mkuu wa jikoni atakuwa mfanyakazi wa mwenyekiti. Chama kidogo chenye familia arobaini hakina uwezo wa kuajiri hata kwa nusu siku. Kwa hicho, njia iliyobaki ni vyama vitatu au vinne vya jirani kuchangia mhasibu mmoja na kutumia bima moja kupitia shirikisho, jambo linalodai kila kimoja kifungue daftari lake mbele ya wengine, na hapo ndipo mazungumzo mengi hukwama.